Mungu Atalipa, Lakini Ofisi ya Leba Hufungua Saa Mbili

Kuna sentensi imenichosha masikio: "Wachana nayo, Mungu atalipa." Ukifutwa kazi kwa sababu una mimba, Mungu atalipa. Ukiulizwa kwenye intavyu "hili jina la pili ni la upande gani?" halafu simu isipigwe tena, Mungu atalipa. Ukilipwa elfu kumi na nane, na mwenzako mliyeingia naye siku moja kwa kazi ileile analipwa ishirini na tano, basi nyamaza ushukuru, wengine hawana hata hiyo. Mimi naamini Mungu, wasee, msinichukulie vibaya. Ila nimegundua kuna waajiri wanaomtegemea Mungu kutuliko sisi. Wanajua kesi zote tutampelekea Yeye, na huko hawaitwi kujitetea hivi karibuni.

Kwa hivyo leo hakuna vichekesho. Nataka kuwaambia tulichopitia na dadangu tangu mwaka jana, na sheria tuliyolazimika kuisoma. Wanaonifuata wanajua mimi si wakili. Nilitoka kampasi mwaka wa pili karo ilipotushinda, na kozi yenyewe ilikuwa ya takwimu. Lakini sheria za nchi hii ziko mtandaoni bure kwenye tovuti ya Kenya Law, pamoja na hukumu za mahakama, na Sheria ya Ajira ya 2007 si ndefu kivile. Mimi niliisoma usiku kwa simu yenye kioo kimepasuka, nikitumia bando la saa moja. Ukienda polepole unaelewa.

Dadangu ananishinda miaka minne. Alikuwa anauza simu na vifaa vya stima katika duka moja hapa Nairobi, jina nimeliacha makusudi. Alikaa hapo miaka 2 na miezi 4, mshahara elfu ishirini na nne, na ukiniuliza mimi, yeye ndiye alikuwa duka. Wateja walikuwa wanampigia hata Jumapili. Mwaka jana akapata mimba. Aliificha hadi mwezi wa tano, si kwa aibu bali kwa woga, maana alikuwa ameona yaliyompata mwenzake mwingine pale pale. Siku alipomwambia supavaiza, jibu lilikuwa: "Sasa mbele ya wateja utasimamaje na tumbo?"

Wiki tatu baadaye akaitwa ofisini. Akaambiwa biashara ni ngumu, kampuni inapunguza watu. Waliopunguzwa ni wangapi? Mmoja.

Mezani kulikuwa na karatasi imeshachapishwa jina lake. Inasema amepokea haki zake zote na hatadai kitu kingine chochote kutoka kwa kampuni, sasa wala baadaye. Mtu wa HR akamwambia kwa sauti tamu, "Saini tu hapa mami, mshahara wa mwezi mmoja unaingia M-Pesa saa hii." Dadangu alikuwa na kodi ya nyumba ya kulipa Ijumaa. Elfu ishirini na nne ukiwa na tumbo la miezi sita si pesa ya kukataa kirahisi. Akasema anaenda kusoma nyumbani kwanza. HR akacheka: "Kusoma nini, na ni karatasi moja?" Dadangu akaipiga picha, akaikunja, akaja kwangu Pipeline na matatu ya saa kumi.

Hiyo karatasi ndiyo kitu ninachotaka mtu wa miaka ishirini na moja anayesoma hapa akumbuke hata akisahau mengine yote. Ukiisaini kwa hiari yako, umeelewa, hakuna aliyekulazimisha, mahakama mara nyingi huiheshimu. Inakuwa mkataba. Kesho ukienda kulia, hakimu anaonyeshwa saini yako. Na pesa wanayokuwekea mbele, ile ya notisi, mara nyingi ni yako tu hata usiposaini. Kama unalipwa kwa mwezi, sheria inataka notisi ya siku 28 au zaidi, ama ulipwe badala yake. Yaani wanakununua kwa pesa yako mwenyewe. Manze, hapo nilikasirika.

Usiku huo ndio tulifungua kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira. Kinasema mwajiri asimbague mfanyakazi, moja kwa moja au kwa njia ya kuzunguka, kwa sababu ya rangi, jinsia, lugha, dini, maoni ya kisiasa, uraia, kabila au asili ya kijamii, ulemavu, mimba, hali ya ndoa au hali ya HIV. Mimba imeandikwa kwa jina. Si kitu cha kubahatisha. Na kinahusu kuajiriwa, mafunzo, kupandishwa cheo, masharti ya kazi na kufutwa. Katiba nayo, kifungu cha 27, inaongeza mengine, kama umri na hata mavazi.

Halafu ukisogea chini kwenye kifungu hichohicho cha 5, kuna mstari uliomfanya dadangu aniambie, "Soma tena." Kesi ya ubaguzi ikifika, ni mwajiri anayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba ubaguzi haukutokea. Si wewe. Sasa usikimbie na hiyo. Haimaanishi unaingia kortini mikono mitupu useme "nilibaguliwa" halafu unakaa chini. Lazima uonyeshe kitu cha kumfanya hakimu aone kuna swali la kujibiwa. Ukishaonyesha, yeye ndiye anajieleza. Sisi tumezoea kudhani mnyonge ndiye hubeba kila kitu, hata ushahidi wa kilichofanyika kwenye ofisi ambayo hana ufunguo wake. Waliotunga hii sheria walijua faili zote ziko kwa mwajiri.

Na si karatasi tu. Mwaka wa 2013 mahakama iliamua kesi ya mwanamke mmoja dhidi ya Bank of Africa, aliyesema aliachishwa kazi kwa sababu ya ujauzito huku benki ikisema utendaji wake ulikuwa duni. Alishinda. Mwaka huohuo kulikuwa na kesi ya mfanyakazi dhidi ya Chuo Kikuu cha CUEA kuhusu hali ya HIV, naye akashinda. Na mwaka wa 2017 Mahakama ya Rufaa ilishughulikia ya Ol Pejeta, ambapo Mkenya mweusi alikuwa analipwa kidogo sana kuliko mzungu aliyekalia kiti hicho kabla yake. Hukumu zenyewe ziko hapo Kenya Law, soma. Kwenye za mimba na HIV, mdai ameandikwa kwa herufi tu, jina limefichwa. Nataja hilo kwa sababu kitu cha kwanza mathe alisema ni, "Utaharibu jina lako, nani atakuajiri tena?"

Sitamcheka mathe. Amefanya kazi za nyumba miaka ishirini bila mkataba, na kila mara alipodai kitu alipoteza kazi. Woga wake umetoka mahali. Walibishana na dadangu sebuleni wiki nzima. Mathe anasema, "Mtoto akizaliwa atakula kesi?" Dadangu anasema, "Na nikinyamaza atakula nini?" Mimi katikati, nikijifanya naosha vyombo.

Wacha nirudi kwa ile hadithi ya "tunapunguza watu," kwa sababu nimeona kwenye meseji zenu ndiyo inatumika kila mahali. Kupunguza wafanyakazi ni kitu kipo kisheria, lakini kina utaratibu wake, kifungu cha 40. Kama huna chama, unaandikiwa wewe binafsi, na afisa wa leba anaandikiwa pia. Wanaopunguzwa wanachaguliwa kwa vigezo, kama muda waliokaa na ujuzi, si kwa ukubwa wa tumbo. Unalipwa siku za likizo ulizobakisha, notisi, na angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili uliofanya kazi. Dadangu hakuandikiwa chochote. Na siku kumi na moja baada ya kutoka, supavaiza aliweka kwenye status yake ya WhatsApp: wanatafuta msichana wa mauzo, awe "mchangamfu na asiwe na majukumu mengi ya nyumbani." Kazi ileile. Duka lile lile.

Bwana, hatukuamini macho. Mtu anakuandikia ushahidi na kuweka na emoji juu.

Tulipiga picha ya skrini. Na hapa kuna kitu wengi hawajui. Korti ya Kenya inakubali ushahidi wa kielektroniki, lakini Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka uambatanishe cheti kinachoeleza hiyo picha ilitoka kwenye simu gani na ilichapishwa vipi. Wakili au mtu wa msaada wa kisheria anakuandalia, si kazi kubwa. Unachotakiwa kufanya wewe ni kutofuta hiyo chati, kutouza hiyo simu, na kutoblock watu kwa hasira. Dadangu alikuwa anataka kumblock supavaiza. Nilimwambia ablock baada ya hukumu.

Mkataba wa kuandika hakuwa nao. Watu wengi wanafikiri hapo kesi imekufa. Hapana. Kuandika mkataba wa miezi mitatu au zaidi ni jukumu la mwajiri, na akishindwa kuuleta kortini, mzigo unamrudia. Alikuwa na meseji za M-Pesa za mshahara kila mwisho wa mwezi, picha akiwa na shati la kampuni, na orodha za zamu kwenye grupu. Hata kama unaitwa "kibarua" miaka miwili, ukifanya kazi mfululizo ikafika mwezi mzima, au kazi yenyewe ni ya kudumu, kifungu cha 37 kinakugeuza mfanyakazi wa mwezi, wapende wasipende.

Ofisi ya leba tulienda wiki ya tisa. Kifungu cha 47 kinakupa miezi 3 tangu ufutwe kupeleka malalamiko kwa afisa wa leba. Kortini una miaka 3. Watu huchanganya hizo mbili, wengine wakikosa ile miezi 3 wanafikiri mambo yameisha. Foleni ilikuwa ndefu, viti vya mbao, kila mtu na bahasha yake. Niliona mlinzi wa usiku wa makamo, niliona wasichana watatu wa saluni moja, niliona kijana mwenye mkongojo akielezea kwamba aliitwa intavyu, akafika, wakaona mguu, wakasema nafasi imejaa. Na yeye hakuwa hata ameajiriwa! Lakini kifungu cha 5 kinamtaja pia anayeomba kazi, si aliyeajiriwa tu. Mimi mwenyewe niliwahi kuulizwa kwenye intavyu ya duka la nguo, swali la tatu, "Na nyinyi shags ni wapi?" Nilidhani ni stori za kuzoeana. Mwanamke aliyeuliza akaandika jibu langu kwenye fomu. Hakuna nguo nchini inayouzwa kulingana na shags za muuzaji.

Afisa wa leba alikuwa mama wa makamo, miwani kwenye paji la uso, hakuna tabasamu hata moja. Alimsikiliza dadangu hadi mwisho, akauliza tarehe, akauliza tena tarehe. "Mami, mimi sitaki hisia, nataka siku na mwezi." Nilimwona mkali, kumbe anajua kazi. Dadangu alikuwa ameandika kila kitu kwenye daftari la shule: siku aliyosema ana mimba, nani alikuwepo, maneno gani. Mama akachukua hilo daftari akalisoma lote. Akamwandikia mwajiri barua aje.

Mara ya kwanza hawakuja. Mara ya pili walikuja na wakili mwenye suti ya samawati. Walikubali kulipa notisi, siku za likizo, na cheti cha kazi, ambacho kwa njia ni haki yako hata ukifukuzwa kwa kosa. Kuhusu mimba, wakakataa kata kata. "Haikuwa sababu." Halafu jioni supavaiza akapiga simu: elfu sitini, tumalize kama familia. Ghafla tumekuwa familia.

Sitasema uongo, mimi nilisema achukue. Mtoto alikuwa na wiki mbili. Dadangu alikuwa anamnyonyesha, akaniangalia, akasema, "Wangenipa likizo yangu ya miezi mitatu na mshahara, hiyo ni sabini na mbili. Na kazi ningerudia. Wananipa sitini niwape kazi na ukweli pamoja." Sikuwa na jibu. Ni yeye aliyesoma takwimu siku hiyo, si mimi.

Sasa swali ambalo mnaniuliza sana: wakili anatoka wapi kama huna doo? Kwanza, kama uko kwenye chama cha wafanyakazi, hiyo ada inayokatwa kila mwezi ndiyo hii kazi yake. KUDHEIHA wako kwa hoteli, hospitali na kazi za nyumba, KUCFAW kwa maduka na supamaketi. Pale kwa dadangu hakukuwa na chama, na nadhani haikuwa bahati mbaya. Pili, kuna Kituo Cha Sheria, wako tangu 1973, wanasaidia maskini na kesi za leba ni mojawapo ya kazi zao. FIDA Kenya wanasaidia wanawake tangu 1985. Kwa mambo ya HIV kuna KELIN, na kuna hata baraza maalum la kusikiliza kesi za HIV. Serikali nayo ina Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliundwa na sheria ya 2016, kwa watu wasio na uwezo. Tume ya Taifa ya Jinsia na Usawa hupokea malalamiko ya ubaguzi, na yale ya kabila yanaweza kwenda NCIC. Huduma hizi zina foleni. Watakuuliza mapato yako, watakuambia urudi na nakala, utarudi, utaambiwa aliyeshika faili yuko nje. Sisi tulienda mara nne kabla ya kupewa wakili. Kila mara nauli ya watu wawili na mtoto. Hiyo pia ni gharama ya haki, na haiandikwi kwenye sheria yoyote.

Unaweza pia kujiwakilisha mwenyewe. Inaruhusiwa. Na kama mshahara wako hauzidi elfu themanini kwa mwezi, kesi inasikilizwa na hakimu katika mahakama ya chini, huhitaji kuanzia Mahakama ya Leba yenyewe kule juu. Ndiko tulikoenda.

Kuna kitu wakili alitueleza ambacho sikuwa nimekiona. Fidia ya kufutwa kazi isivyo haki ina kikomo, haipiti mishahara ya miezi 12. Watu wa HR wanajua hiyo hesabu vizuri, wengine wanaitengea bajeti. Lakini ubaguzi ni kosa lingine, linaombewa fidia yake pembeni, na hicho kikomo hakiugusi. Ndiyo maana wakili wa suti ya samawati alikuwa tayari kulipa kila kitu isipokuwa kukubali neno moja.

Kesi imesajiliwa. Tumetajwa mara moja tu na tarehe ijayo ni ya mbali, msije mkafikiri ni kama sinema. Dadangu kwa sasa anauza mitumba mtandaoni, mtoto ana miezi saba na ananiita kwa sauti ambayo si jina langu. Duka limejibu kwamba "nafasi ilifungwa." Tangazo la WhatsApp wanasema lilikuwa la tawi lingine. Hilo watalithibitisha wao.

Kilichobaki kututesa ni shahidi. Yule mwenzake niliyewatajia mwanzoni, aliyetangulia kupata mimba na kutolewa, tulimtafuta miezi miwili. Yuko Kitengela, ana mtoto wa pili. Yeye alisaini ile karatasi. Simu ya kwanza alikata. Ya pili akasema bwana yake hataki mambo ya korti. Dadangu akamwambia sawa, akamtumia tu picha za kifungu cha 5, zile nilizochora mistari ya njano, akaacha hapo.

Jumapili iliyopita saa tano usiku akajibu. Anasema siku ile walimwambia asiposaini hatapewa hata nauli, na rafiki yake alikuwa mlangoni akasikia. Anasema amehesabu, miaka yake 3 inaisha mwezi wa nane. Akauliza kama ile ofisi ya msaada wa kisheria hufungua Jumamosi, maana siku nyingine hana wa kumwachia watoto. Dadangu akamwandikia aje Jumatatu, awalete tu, sisi tutawashika.